Kujitolea mahabusu ya watoto: andaa kipindi kinachoisha siku hiyohiyo

Mwanafunzi wa chuo anayechanganya mahabusu ya watoto na shule ya maadilisho hujiharibia ratiba. Katika shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya, wapo watoto ambao mahakama imeshawapeleka huko. Masomo ya wiki kadhaa yanawezekana. Mahabusu, kama ile ya Upanga, Dar es Salaam, mtoto anasubiri kesi. Jumatatu yupo, Jumatano amepata dhamana, hamuonani tena.

Barua ya chuo impate afisa ustawi wa jamii anayesimamia kituo wiki tatu kabla, pamoja na majina, nakala za vitambulisho na tarehe. "Kuwatembelea watoto" haitoshi. Andika "kusoma, kuandika na drafti, saa 4:00 hadi 5:30 asubuhi". Uliza siku za mahakama mziepuke. Nendeni wanne hadi sita. Mkizidi, watoto wanageuka maonyesho.

Gawa dakika 90 hivi: 10 za kuchangamsha, 35 za kusoma na kuandika, 30 za drafti, 15 za kukusanya vifaa. Usipange makundi kwa umri, maana wa miaka 17 huenda hajui kusoma na wa 13 ameshafika darasa la saba. Usimsomeshe mtu kwa sauti mbele ya wenzake, akichekwa, harudi.

Kete ziwe vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, 12 vya bluu na 12 vyeupe kwa kila ubao. Vizibo vya soda acheni nyumbani: kikisuguliwa sakafuni, kinakata. Kalamu zihesabiwe zikitoka na zikirudi. Ikipungua moja, mwambie mlezi wa zamu kabla hamjaondoka. Kunyamaza ni kuwaachia watoto upekuzi wa usiku.

"Ulifanya nini?" ni swali la mahakama, si lako. Akianza kusimulia mwenyewe, mwelekeze kwa wakili au afisa ustawi. Picha msipige, hata za mgongoni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda utambulisho wake.

Akisema anapigwa, usimwahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, umfikishie msimamizi siku hiyohiyo. Anayetajwa akiwa mfanyakazi wa hapohapo, nenda kwa afisa ustawi wa halmashauri au piga 116, simu ya msaada kwa mtoto.

Mtaombwa pia kumpigia mama simu, au kupeleka kikaratasi kwa rafiki wa mtaani. Kataeni kwa upole tangu siku ya kwanza, kisha ombi la simu lifikisheni kwa afisa ustawi, mtoto akisikia.