Namna ya kulinda biashara ya vyakula nchi jirani inapojitoa katika jumuiya ya kibiashara

Mfanyabiashara wa soko la Kongowea, Mombasa, anayeuza vitunguu na machungwa yaliyopitia Horohoro na Lunga Lunga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, hunufaika na Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kazi mwaka 2005, ambao huruhusu mazao ya nchi wanachama kuingia bila ushuru mradi yathibitishwe kuwa yalilimwa humo. Nchi inapotangaza kujitoa katika jumuiya ya namna hii, wengi hukimbilia kuuliza kiwango cha ushuru. Anza kwa kuuliza ni mkataba gani mwingine unaobaki kati ya nchi hiyo na yako.

Jibu la swali hilo huamua mengi. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, lakini leo mazao yake yanaingia Kenya kwa mlango wa Afrika Mashariki. Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, Januari 2025, ila zimebaki katika UEMOA, umoja mdogo zaidi wa nchi za eneo hilo zinazotumia faranga ya CFA, kwa hiyo ng'ombe wa Mali anayepelekwa Abidjan, Ivory Coast, ambayo nayo imo UEMOA, bado analindwa na mkataba, ilhali anayepelekwa Ghana hutegemea mapatano yatakayofikiwa. Pasipo mkataba wowote, hutumika ushuru wa pamoja wa nje, yaani ule ambao nchi wanachama hutoza bidhaa za wasio wanachama, ambao kwa mahindi, katika Afrika Mashariki, ni asilimia 50. Hakuna faida ya gunia inayoweza kuubeba.

Kisha kaa na wakala wako wa forodha mkague karatasi moja baada ya nyingine. Cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani karatasi nyepesi ya kuthibitisha zao lilikolimwa, kinachowafaa wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, ndicho kitakachopotea kwanza, na kwa maoni yangu hapo ndipo wachuuzi wadogo wanapoumia kuliko makampuni. Vyeti vya afya ya mimea navyo huongezeka uzito. Uingereza ilitoka katika soko la Ulaya mwishoni mwa 2020 ikiwa na mkataba wa kutotozana ushuru, na bado wakulima wa viazi vya mbegu wa Scotland walifungiwa soko hilo tangu Januari 2021 kwa kanuni za afya ya mimea peke yake. Uanachama nao si kinga kamili: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ikayaruhusu tena kwa masharti ya vipimo.

Kwa mazao yanayooza, andikianeni mapema ni nani atakayelipa ushuru mpya na ni nani atakayebeba hasara lori likikwama mpakani. Punguza ukubwa wa mzigo hadi taratibu mpya zijulikane, na utafute mkulima wa pili upande wako wa mpaka. Yule wa ng'ambo mpe habari kabla hajapanda, ili aweze kuchagua zao lenye mnunuzi nchini mwake.