Jinsi ya kubishana kuhusu magwiji wa mpira wa kikapu

Kabla ya kutaja jina lolote, kubalianeni mnapima nini: kilele cha mchezaji, tuseme misimu yake mitano bora, au kazi yake yote. Mabishano mengi hukwama hapa. Anayepima kilele humtaja Michael Jordan. Anayepima miaka mingi ana LeBron James, aliyeivuka rekodi ya Kareem Abdul-Jabbar ya pointi 38,387 mwaka 2023.

Kisha soma takwimu kwa enzi yake. Wilt Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa mechi msimu wa 1961–62, lakini NBA, ligi kuu ya Marekani, ilikuwa na timu 9 tu, mchezo ulikwenda mbio, na yeye karibu hakupumzishwa kabisa. Mlinganishe na wenzake wa msimu huohuo. Mipira iliyozuiwa na kuporwa haikuhesabiwa kabla ya 1973–74, kwa hiyo usimpunje Bill Russell, hodari wa kuzuia wa enzi hiyo, kwa sababu ya safu tupu kwenye jedwali. Mstari wa pointi tatu nao uliingia 1979.

Pete za ubingwa, ambazo mchezaji hupata kila timu yake inapotwaa taji? Polepole. Robert Horry anazo 7, Jordan 6, na hakuna anayemweka Horry juu. Uliza mchezaji alibeba mzigo gani. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali husaidia, ila ilianza 1969, mwaka aliostaafu Russell, na ikaenda kwa Jerry West, tena upande ulioshindwa! Russell, mwenye mataji 11, hana tuzo hiyo hata moja.

Mwisho, fungeni orodha yenu ya magwiji kwenye nafasi 10. Anayetaka kumwingiza nyota wa kizazi kipya kama Nikola Jokić amtaje wa kumtoa.