Chungu cha Umeme Katika Sikukuu za Kiyahudi za Siku Tatu: Mwongozo kwa Wapishi wa Mwanza

Anayepikia familia ya Kiyahudi hapa Mwanza, awe ni mwana wa nyumba hiyo au mpishi aliyeajiriwa, hujaribiwa hasa pale sikukuu ya siku mbili inapoangukia Alhamisi na Ijumaa, kwa sababu Sabato huifuata papo hapo bila mwanya wowote. Ndivyo ilivyokuwa Rosh Hashana, yaani mwaka mpya wa Kiyahudi, tarehe 3 na 4 Oktoba 2024, na ndivyo utakavyokuwa mwanzo wa Pasaka yao tarehe 22 na 23 Aprili 2027. Kuanzia Jumatano jua linapozama hadi Jumamosi usiku hakuna swichi itakayoguswa, na bado watu wanatakiwa kula chakula cha moto, tena kizuri, kwa heshima ya sikukuu. Chungu cha umeme cha kupika polepole kinaiweza kazi hiyo, mradi mpishi amekwisha kuamua kila kitu kabla ya Jumatano jioni.

Ni lazima kwanza kuelewa tofauti ya siku zenyewe. Siku ya Sabato kupika kumekatazwa kabisa. Siku ya sikukuu, kwa msingi wa Kutoka 12:16, kuandaa chakula kunaruhusiwa, lakini moto mpya hauwashwi na uliopo hauzimwi. Hupikwa kwa moto uliowashwa tangu kabla. Kwa hiyo chungu kilichowashwa Jumatano kabla ya jua kuzama kinaweza kutiwa chakula Alhamisi au Ijumaa, hata chakula kibichi, ila kitufe chake cha joto hakigeuzwi. Tena, chakula cha siku ya pili hakiandaliwi siku ya kwanza: mlo wa Alhamisi usiku huanza kushughulikiwa nyota tatu zinapoonekana, wala si alasiri. Mwanza jua huzama mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta giza halichelewi, basi familia haingoji sana. Kuhusu kupika Ijumaa kwa ajili ya Sabato, mwenye nyumba huweka Jumatano mkate na chakula kilichopikwa, mara nyingi yai la kuchemsha, kisha huvisomea baraka. Utaratibu huo huitwa eruvi tavshilini, na ndio unaoruhusu chakula cha Sabato kupikwa siku ya sikukuu. Ukisahauliwa, mipango yote ya Ijumaa huvurugika, hivyo namshauri mpishi alichemshe yai hilo kabla ya kitu kingine chochote na kulikabidhi mkononi mwa mwenye nyumba.

Katika kuchagua chungu, chukua kile chenye kitufe cha kuzungusha. Vile vyenye skrini na taima ya ndani hujizima vyenyewe baada ya saa kadhaa, na umeme ukikatika kisha ukarudi, vingi vyake havijiwashi tena, ilhali chenye kitufe cha kuzungusha huendelea pale kilipoachia. Funika kitufe kwa foili ili mtu asikiguse kwa mazoea. Ndani pia tandika foili kati ya chungu cha kauri na ukuta unaotoa joto. Na kwa kuwa baadhi ya marabi huona kwamba chungu kilichokumbatiwa na joto pande zote kinafanana na chakula kilichofukiwa, jambo ambalo sheria ya Sabato inalizuia, wengi huviringisha vipande vya foili na kuviweka chini ya kauri ili iinuke kidogo. Ukifanya hivyo joto hupungua, kwa hiyo kijaribu chungu usiku mzima wiki moja kabla.

Kisha kuna LUKU, na hapa nasisitiza kwa sababu hakuna atakayeingiza tokeni katika siku hizo tatu. Chungu cha wati 250 kikiwaka saa 72 mfululizo kinaweza kula uniti 18. Vikiwa viwili, uniti 36, kabla hujahesabu friji na taa zitakazoachwa zikiwaka. Nunua za kutosha na kuzidi. Umeme ukikatika, usifunue mfuniko kuchungulia, kwa maana joto lililomo ndilo akiba yako pekee. Chakula kilichokaa chini ya nyuzi 60 za Selsiasi kwa zaidi ya saa mbili kitupwe, hata kama kinanukia vizuri. Kuhusu umeme ukirudi wakati wa Sabato na kukipasha upya chakula kilichopoa, familia imuulize rabi wake mapema. Mpishi asiye Myahudi ajue pia kwamba kwa kawaida familia haiwezi kumwomba awashe chungu siku ya Sabato, na kimya chao si kukosa shukrani kwa moyo wake wa kusaidia. Hata Jumatano, mwache Myahudi mwenyewe awashe: sheria inataka ashiriki katika upishi, ambapo kwa Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki) kuwasha moto hutosha, na kwa Wasefaradi (wenye asili ya Hispania na Ureno) yeye ndiye anayeweka chakula motoni.

Nyama ya buchani haitumiki, kwa kuwa haikuchinjwa na mchinjaji wa Kiyahudi aliyefunzwa, na hilo linatuelekeza ziwani. Sato na sangara wote wana mapezi na magamba, hivyo wanaliwa. Kambare hana magamba, haliwi. Unapokwenda Mwaloni Kirumba nunua samaki mzima au kipande chenye ngozi na magamba yake, kwa sababu mnofu uliochunwa hautambuliki tena, na utumie kisu cha nyumba hiyo. Lakini sato si samaki wa kulala chunguni. Baada ya saa mbili huvunjikavunjika na miiba kutawanyika. Mpike Jumatano, aliwe usiku wa kwanza.

Chakula cha chungu ni hamini, mchanganyiko wa nafaka, maharage na viazi ambao Wayahudi wameupika kwa karne nyingi kwa ajili ya mchana wa Sabato. Kwa chungu cha lita 6 chukua maharage vikombe viwili, ngano nzima au shayiri kikombe kimoja, viazi mviringo sita, vitunguu vitatu vilivyokaangwa hadi kuwa vya kahawia, na mayai manane yaliyooshwa yakiwa na maganda yake. Ukipenda utamu, viazi vitamu viwili vya kwetu Usukumani vinafaa sana. Chambua maharage na ngano Jumatano juu ya ungo, kwani kuchambua ni kazi iliyokatazwa siku ya Sabato na yenye masharti siku ya sikukuu.

Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo joto la chini la chungu cha umeme haliiondoi, na yakipikwa humo yakiwa mabichi yanaweza kuwatapisha watu nyumba nzima. Yaloweke usiku mzima, mwaga maji, kisha yachemshe jikoni kwa nguvu kwa nusu saa. Nasema nusu saa kwa makusudi, kwa sababu Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka yapata nyuzi 96. Yaive nusu, yapoe, yawekwe kwenye friji kabla ya sikukuu kuingia. Kwa Pasaka ngano na shayiri haziruhusiwi, na Waashkenazi hawali hata maharage, basi wapikie viazi, karoti na mayai peke yake.

Ni vyema kuwa na vyungu viwili: kimoja cha milo ya sikukuu, kingine cha hamini, nacho kiwashwe tangu Jumatano kikiwa na maji, kwa kuwa kauri tupu hupasuka. Ijumaa saa sita mchana punguza maji hayo, tia viungo vyote vikiwa na uvuguvugu wala si vya baridi kutoka kwenye friji, na hakikisha maji yamevizidi kwa vidole vitatu. Jua likizama chakula kiwe kimekwisha kuiva, kwani baada ya hapo hakiongezwi maji wala kukorogwa. Jumamosi mchana chungu cha ndani huinuliwa nje ndipo hamini ipakuliwe, na mayai yatatoka yakiwa na rangi ya kahawia hadi ndani.

Nyota zikishaonekana Jumamosi na familia ikishaiaga Sabato, chomoa waya, acha kauri ipoe yenyewe, kisha iloweke kwa maji ya uvuguvugu.