Umemaliza masomo ya mwanzo ya kuandika programu, sasa utengeneze nini? Jinsi ya kupata wazo la mradi kutoka kwenye kazi unayoikimbia

Kuna ile hali lupu unazijua, fanksheni unazijua, halafu unafungua faili jipya na kale kamstari kanawaka na kuzima tu, huna la kuandika. Mimi nilikaa hapo karibu miezi miwili. Nikawa natafuta orodha za miradi ya wanaoanza, nikatengeneza kalkuleta, nikatengeneza na ile orodha ya mambo ya kufanya ambayo kila mtu keshaitengeneza, na hakuna hata kimoja nilichokifungua tena siku ya pili. Kilichonikwamua ni kazi ileile niliyokuwa naikimbia, nilikuwa mtunza stoo.

Hatua ya 1: Andika kero, sio mawazo

Wiki nzima usitafute wazo kabisa. Chukua daftari au noti za simu, kila ukifanya kitu cha kuchosha kazini kiandike hapohapo. Na usiandike "mfumo wa kusimamia stoo", hiyo sio kero, hilo ni jina la kampuni. Andika vile unavyomlalamikia mwenzako: kila Ijumaa nakaa masaa mawili nalinganisha orodha ya mzigo uliopokelewa na orodha ya ulioagizwa, mstari kwa mstari, na rula. Hiyo rula ndo mradi wako.

Wala usione kero yako ni ndogo mno. Mwaka 1991 watafiti wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Cambridge walichoka kutoka ofisini kufuata kahawa wakakuta jagi tupu, basi wakaelekeza kamera kwenye jagi na kuandika programu ya kuonyesha picha yake kwenye kompyuta zao. Mwaka 1993 ikawekwa kwenye wavuti ikawa maarufu dunia nzima. Kisa kahawa imeisha!

Hatua ya 2: Chekecha

Ukifikisha kero kama kumi na tano, kila moja iulize maswali matatu. Data yake ipo tayari au utaanza kuitafuta? Jumatatu utaitumia kweli? Na la tatu ndo zito kuliko yote: programu ikitoa jibu baya, utalijua?

Hapa ndo mtu aliyetoka kazi nyingine anapowazidi wengine, ila wengi hatulioni hilo. Chukua mwalimu anayepanga matokeo. Wanafunzi wawili wamefungana nafasi ya 3, anayefuata shule nyingi zitamwandika wa 5, sio wa 4. Mtu ambaye hajawahi kujaza ripoti ataandika programu safi kabisa inayompa nafasi ya 4 na ataona imekamilika, mwalimu ataangalia sekunde mbili atasema hapa pana kitu. Kama kero haipiti swali hili iache kwanza, hata kama inavutia.

Hatua ya 3: Kata mpaka uone aibu

Wazo la kwanza siku zote ni kubwa mno. Tuseme wewe ni nesi na kero yako ni ratiba ya zamu. Usianze na programu ya kupanga ratiba, hilo ni tatizo gumu hata kwa waliosomea, utakata tamaa wiki ya pili. Anza na ya kukagua: isome ratiba iliyopangwa tayari, ikutajie nani kapangiwa usiku halafu asubuhi inayofuata kapangiwa tena. Hiyo ni lupu moja na if moja, na bado ina faida. Dereva hivyohivyo, usitafute njia fupi ya kupita vituo ishirini, anza kwa kujumlisha tu umbali wa mpangilio unaoutumia sasa hivi.

Hatua ya 4: Iandike ikosee

Yangu ilikuwa skripti ya Python inayosoma faili mbili za CSV, yani majedwali ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, na kutaja kilichoagizwa ambacho hakijafika. Haina kitufe wala rangi, dirisha jeusi tu. Mara ya kwanza kuiendesha ikaniambia karibu mzigo wote haujafika, na mimi mzigo naukanyaga. Nikahangaika jioni mbili, kumbe orodha moja ilikuwa na nafasi tupu mwisho wa kila jina, yani "Nati M8 " na "Nati M8" kwa macho ni kitu kimoja ila kwa kompyuta ni vitu viwili. Dawa yake ni hii, inafuta nafasi tupu za mwanzo na mwisho na kugeuza herufi zote kuwa ndogo:

jina = jina.strip().lower()

Ikabaki shida ya wale wanaoandika "M8 nati", hiyo nikaitengenezea kamusi kwa mkono, jina la hovyo kushoto, jina sahihi kulia. Kwenye intavyuu ya kazi niliulizwa kuhusu hiyo kamusi kuliko kitu kingine chochote, kalkuleta hakuna aliyeigusa.

Tahadhari moja hapa, data ya mwajiri usiipandishe GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha kodi. Tunga majina na namba za uongo tangu siku ya kwanza, maana ukishaipandisha halafu ukafuta faili, Git, ile programu inayorekodi kila badiliko la kodi, bado inaitunza kwenye historia na anayejua pa kuangalia ataikuta.

Hatua ya 5: Mpe mtu mmoja

Mmoja tu, anayefanya kazi hiyo, na ukae pembeni yake kimya. Mwenzangu wa stoo wala hakunisifu, aliangalia kidogo akauliza, "Mbona hainioneshi umechelewa siku ngapi?" Nikasema hiyo rahisi. Kumbe faili moja inaanza na siku na nyingine inaanza na mwezi, 03/04 huku ni Aprili kule ni Machi, na programu imepiga hesabu bila kulalamika hata kidogo. Mwezi mzima uliofuata nilikuwa nashughulika na tarehe tu.