Somo: Kukereza kalamu ya mpingo kwa seti ya vipuri

Wenzangu wa karakana, wengi mmeomba somo la kalamu, nami nimeamua kulitoa kwa mpingo badala ya mti laini. Anayeiweza kalamu ya mpingo, ya mninga au ya mtiki ataikereza bila wasiwasi. Halafu mabaki tunayo. Wachongaji wa Mwenge hapa Dar es Salaam hubakiza vipande visivyotosha kinyago lakini vinavyotosha kalamu kabisa. Mti unaochukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa haustahili kuishia jikoni kama kuni.

Jambo moja mlishike tangu mwanzo: adui wa mpingo ni joto. Joto la biti, joto la msasa, joto la gundi iliyolazimishwa kukauka. Kalamu nyingi zinazopasuka hazikupasukia mfukoni. Ufa uliingia karakanani, ukangoja.

Nazungumzia seti nyembamba ya kawaida, yenye mirija miwili ya shaba ya njano inayoingia kwenye tundu la milimita 7. Ndani ya pakiti mna ncha, mtambo wa kuzungusha, pete ya kati, kibanio, kofia yake na rifili. Bushi zake, yaani vipete vya chuma vinavyokuonyesha unene wa kuishia unapokereza, hununuliwa pembeni, na lazima ziwe za seti hiyohiyo.

Hatua ya 1: Kukata

Chagua kipande kikavu, kisicho na ufa hata wa unywele kwenye ncha. Kilowanishe kidogo kwa kidole ukiangalie juani, ufa utajionyesha. Kipasue kiwe mraba wa milimita 18 hadi 20. Pima mirija kwa venia, kile kipimo chenye taya (mingi ina karibu milimita 53), kisha kata vipande viwili, kila kimoja kizidi mrija wake kwa milimita 8 hivi. Najua wengine huacha 2 tu. Sababu ya kuacha zaidi utaiona kwenye kutoboa.

Kabla ya kukata, piga mstari wa chaki upande mmoja, uvuke pale katikati msumeno utakapopita. Mstari huo ndio utakaokurudishia nyuzi za mti zikutane kwenye pete. Ukibahatika kupata kipande chenye utando mweupe wa nje pamoja na kiini cheusi, usiutupe. Kalamu yenye mstari wa rangi ya siagi kwenye weusi ule inapendeza sana.

Hatua ya 2: Kutoboa

Hapa msiwe na haraka. Funga kipande kwenye jiliwa kikiwa wima, hakikisha kwa gunia, yaani kile kipimo cha fundi cha pembe mraba, kwamba hakijainama. Anza kutoboa kwenye ncha zile zilizokutana katikati. Biti ikienda upande kidogo, itaenda kwenye ncha za nje, na pale katikati mchoro wa mti utabaki umelingana.

Tumia biti ya milimita 7 iliyonolewa, mwendo wa mizunguko kama 500 kwa dakika. Shuka milimita 5, itoe biti yote, pangusa vumbi, rudi tena. Mpingo una mafuta, na unga wake hujikaza kwenye mifereji ya biti. Ukikaza, biti haikati tena, inasugua. Gusa biti kwa ncha ya kidole mashine ikiwa imesimama: ikikuchoma, mti nao unaungua kwa ndani. Pumzika mpaka ipoe. Moshi ukionekana, kipande hicho kiweke kando, usikitumie kwa kalamu ya mtu.

Tena usitoboe mpaka itokee upande wa pili. Biti ikitokea kwa nguvu hubandua kipande cha ncha. Simama ukiwa umepita urefu wa mrija kwa milimita 2 au 3, kisha kata kwa msumeno ile ncha iliyoziba. Ndiyo maana tuliacha milimita 8.

Hatua ya 3: Kugundisha mirija

Sugua mrija kwa msasa namba 150 mpaka ung'avu uondoke. Futa ndani ya tundu kwa asitoni, maana gundi haishiki juu ya mafuta ya mpingo. Ziba ncha ya mrija kwa kuuchoma kwenye kipande cha kiazi kibichi ili gundi isiingie ndani. Tumia epoksi, uingize mrija huku ukiuzungusha. Supaglu nayo inashika, ila ikikamata mrija ukiwa nusu njia hautoki tena. Acha mpaka kesho, kisha toa kiazi.

Hatua ya 4: Kusawazisha ncha

Kisu cha kusawazisha kina mhimili unaoingia ndani ya mrija na meno yanayokwangua ncha ya mti. Zungusha kwa mkono au kwa drili ya mwendo wa chini, ukiangalia kila baada ya mizunguko michache. Kwanza utaona mti mtupu, halafu duara ya gundi yenye kijivu, halafu duara nyembamba ya shaba inang'aa. Hapo simama. Ukiendelea unaufupisha mrija, na rifili haitakaa inavyotakiwa. Ncha isiponyooka, pete ya kati itaacha mwanya upande mmoja, na mwanya huo hakuna rangi wala nta itakayouficha.

Hatua ya 5: Kukereza

Panga kwenye mandreli, ule ufito wa chuma unaoshika vipande kwenye mashine ya kukereza: bushi, kipande, bushi, kipande, bushi. Kaza nati kwa vidole. Kishikio cha nyuma kiguse tu, kwani ukikibana mandreli inapinda na kalamu inatoka na unene usio sawa. Miwani na barakoa ni lazima. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, wapo wanaovimba macho.

Anza na patasi ya mfereji, mizunguko 2,000 hivi, mpaka pembe ziishe. Ongeza hadi karibu 3,000, malizia kwa patasi ya mshazari. Bakiza unene wa karatasi juu ya bushi, sehemu hiyo ni ya msasa.

Hatua ya 6: Msasa na nta

Namba 240, 320, 400, 600. Baada ya kila namba simamisha mashine, sugua kwa urefu wa nyuzi. Ukihisi joto kwenye vidole, ondoa mkono. Mpingo hauhitaji vanishi: nta ya nyuki kidogo kwa karatasi ya tishu inatosha. Usitumie kitambaa, kikinaswa kinavuta na kidole.

Hatua ya 7: Kuunganisha

Bana kwa jiliwa lenye vibao laini. Ncha kwanza kwenye mrija wa chini, kisha mtambo upande wa pili mpaka alama yake, rifili, ujaribu. Kibanio na kofia kwenye mrija wa juu. Pete, halafu unganisha ukifuata nyuzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Shikamoo fundi. Yangu imepasuka wiki ya pili, na sikuiangusha.

Jibu: Marahaba. Kama si joto, basi mti ulikuwa mbichi. Mpingo hukauka polepole mno. Paka nta kwenye ncha za vipande, viweke kivulini, vipime kwa mizani kila mwezi. Uzito usipopungua tena, viko tayari.

Swali (Mombasa): Kaka, mie napaka supaglu juu ili ing'ae, lakini yageuka nyeupe kama ukungu.

Jibu: Pwani hewa ina unyevu, na mti wenyewe una mafuta. Futa kwa asitoni, subiri ikauke kabisa, paka tabaka nyembamba sana, na usitumie dawa ya kuharakisha. Ila kwa mpingo nakushauri uiache supaglu.

Swali (Hamburg): Ndugu, naweza kutumiwa kalamu huku Ujerumani?

Jibu: Karibu jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Bidhaa zilizokamilika zenye mti usiozidi kilo 10 kwa mzigo zimesamehewa kibali cha CITES. Vipande ambavyo havijakerezwa havimo kwenye msamaha huo. Anayetuma atunze risiti ya mti na aulize ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla.

Swali (Dodoma): Mwalimu, nikifunga, ncha ya rifili bado inachungulia nje.

Jibu: Mtambo umeingia kupita alama. Fungua rifili, pitisha ufito wa chuma upande wa mtambo mpaka ukutane na ncha, ugonge taratibu ncha itoke. Kisha utoe mtambo kwa kuugonga kutoka upande huo wa ncha, uurudishe kidogokidogo huku ukijaribu rifili kila unapobana.