Somo: Injini ndogo au kubwa? Kuchagua pikipiki ya magurudumu manne kwa kazi za shamba na mwalo

Wanachama wenzangu, nimeulizwa mara nyingi kama mtu anayelima mpunga Magu, au anayekusanya samaki mwaloni Igombe, huku kwetu Mwanza, anunue pikipiki ya magurudumu manne yenye injini ya cc 250, 400 au 700. Swali hilo huanza na injini, ilhali jibu lake huanza na mzigo pamoja na ardhi, na ndiyo maana naomba tufuate hatua hizi kabla ya mtu yeyote kutoa fedha.

Hatua ya kwanza: pima mzigo kwenye mizani. Mimi nilikadiria kwa macho, nikanunua ya cc 250 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na siku ya kwanza ya mvua magurudumu hayo yalichimba mbuga, yaani udongo mweusi wa bondeni, mpaka ekseli ikalala juu ya tope, huku injini ikiunguruma bila shida yoyote. Nguvu ilikuwepo, kilichokosekana ni mshiko. Chukulia magunia matatu ya mpunga ya kilo 85 kila moja, ongeza tela la kilo 110, utapata kilo 365. Honda Rancher 420 imeruhusiwa na mtengenezaji kuvuta kilo 385, kwa hiyo gunia la nne tayari limevuka mpaka. Yamaha Grizzly 700 imeruhusiwa kilo 600.

Hatua ya pili: itazame ardhi yako. Kwenye luseni, yaani mchanga wa miinuko, mashine yenye injini ndogo hupita vizuri bila kuzama. Mbuga nyeusi ya bondeni ni jambo jingine: ikilowa hunata kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko, na mashine yenye uzito wa zaidi ya kilo 300 huzama kabla ya nguvu yake kukusaidia. Hapo mimi huchagua cc 400 hivi, yenye uzito wa karibu kilo 260, mradi isukumwe na magurudumu yote manne. Kama njia yako ni ya changarawe tupu mwaka mzima, nunua guta, kwa sababu litabeba zaidi kwa fedha kidogo.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni mteremko. Vilima vyetu vya mawe hupandwa kwa gia nzito hata na injini ndogo, lakini wakati wa kushuka tela lisilo na breki huisukuma mashine kwa nyuma, na mashine nyepesi hupindishwa upande kabla dereva hajatambua. Sababu halali ya kununua cc 700 ni hii hasa: uzito wa kulizuia tela, pamoja na breki kubwa zaidi.

Hatua ya nne: kumbuka mwinuko. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani yake, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hapa. Mfumo wa nozeli, unaonyunyizia mafuta kwa umeme, hurekebisha kiasi cha mafuta wenyewe. Kabureta huhitaji fundi airekebishe.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi navuta barafu na samaki kutoka ufukweni hadi barabarani, kama mita mia nne za mchanga. Je, cc 250 itanitosha?

Jibu: Marahaba, dada. Kama mzigo pamoja na tela hauvuki kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, itatosha. Angalia upepo wa tairi: mashine hizi nyingi hutumia psi 4 hadi 7 tu, na kipimo cha kituo cha mafuta, kilichotengenezwa kwa magari, hakisomi vizuri kiasi kidogo namna hiyo. Nunua kipimo chako.

Swali: Nimepata ya cc 700 iliyotumika, kwa bei ya cc 400 mpya. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu yangu, nyingi za cc 700 huendeshwa kwa mkanda. Mwombe fundi afungue kasha lake mbele yako. Ukiona vumbi jingi jeusi la mpira, au mkanda una nyufa, achana nayo. Chungulia na rejeta kwa tochi, kwa kuwa tope la mbuga hukauka ndani ya mapezi yake likawa gumu kama tofali, na injini kubwa iliyozibwa hivyo huwa imeshachemka mara nyingi. Mimi ningechukua mpya.

Swali: Kijana wangu ana miaka 14. Aendeshe ile ndogo?

Jibu: Hapana. Hata cc 250 ni mashine ya mtu aliyetimiza miaka 16, mwenye kofia ngumu, akiwa peke yake kwenye kiti.