Kuandaa Zege na Chuma kwa Asidi Kabla ya Kupaka Rangi

Rangi ya sakafu inapobambuka, lawama huangukia rangi, ilhali mara nyingi kosa ni la uso uliopakwa. Zege lililolainishwa kwa mwiko wa chuma hubaki na ngozi nyembamba ya saruji isiyo na nguvu, na asidi ya haidrokloriki hutumika kuila ngozi hiyo ili vinyweleo vya zege vifunguke.

Zege jipya liachwe likomae siku 28. Kisha dondoshea matone ya maji: yakinywewa mara moja, huenda asidi haihitajiki kabisa, yakisimama kama shanga, uso umefunga au una mafuta. Mafuta yaondolewe kwanza kwa sabuni kali, kwa kuwa asidi haiyagusi.

Vaa miwani ya kinga, glavu ndefu za mpira na viatu vya mpira, fungua milango na madirisha yote, na utoe nje vifaa vya chuma, maana mvuke wa asidi hii huvitia kutu hata visipoguswa. Tumia ndoo ya plastiki. Ya bati huliwa na asidi na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Tia maji sehemu 4 kwanza, ndipo uongeze sehemu 1 ya asidi yenye nguvu ya takriban asilimia 31, wala usigeuze mpangilio huo. Isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, kwani hutoa gesi ya sumu.

Lowesha sakafu bila kuacha madimbwi, nyunyiza mchanganyiko, kisha sugua kwa brashi ngumu. Povu jeupe linapaswa kufoka papo hapo kwa mchachato kama wa soda iliyofunguliwa sasa hivi. Mahali palipokaa kimya pana mafuta au rangi ya zamani. Baada ya dakika 5 hadi 10, kabla uso haujakauka, mwagia maji yenye bikaboneti ya sodiamu (soda ya kuokea), inayoua nguvu ya asidi, mpaka povu likome, kisha suuza kwa maji mengi mara 3 au zaidi. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, kwa kuwa chumvi na vumbi la saruji vikikaukia sakafuni huizuia rangi kushika. Pitisha kiganja: uso uwe kama msasa wa namba 120, na kiganja kisitoke na unga mweupe.

Kwa chuma chenye kutu napendelea asidi ya fosforiki, kwa sababu haidrokloriki huacha kloridi, yaani chumvi zinazoita kutu upya. Kwangua kutu inayobanduka kwa brashi ya waya, paka asidi kwa kufuata maelekezo ya chupa, na uache kutu iliyosalia igeuke fosfeti ya chuma yenye rangi nyeusi. Ukisuuza, kausha kwa kitambaa palepale, kwani chuma kitupu chenye maji huanza kupata utando wa rangi ya chungwa ndani ya dakika chache, kisha paka rangi ya msingi siku hiyohiyo.